Sura ya Saba: Mti Usiofaa kwa Kuni

Nakivale, mti hupimwa kwa jiko kabla ya kupimwa kwa kitu kingine chochote. Ukikuta mti umesimama mzima mbele ya nyumba ya matofali ya udongo, matawi yote mahali pake, hakuna alama ya panga, jua kuna sababu. Makazi haya ya wakimbizi yaliyo wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, yalianza kupokea watu mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, na hadi leo yanapokea. Walitangulia Watutsi kutoka Rwanda. Baada yao wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine, mpaka idadi ikapita 150,000 kwenye eneo la takriban kilomita 185 za mraba. Karibu kila nyumba inapikia kuni au makaa. Vilima vilivyokuwa na vichaka vya migunga sasa vina nyasi, vichuguu na njia za mbuzi.

Miti iliyosalimika ina wenyewe. Mwembe unalindwa kwa ajili ya maembe, mparachichi vivyo hivyo, na mikaratusi iliyopandwa kwa mistari ina mtu anayeingoja ifike unene wa nguzo. Lakini kuna mti mmoja usio na tunda la kuliwa na usiotoa nguzo, ambao unaukuta kwenye mipaka ya viwanja, pembeni mwa vyoo, nyuma ya makanisa ya turubai, na hakuna anayeuandama. Kuponea kwake kuna sababu ya aibu kidogo: ni kuni mbovu. Mbao yake ni laini na nyepesi, ikiwa mbichi imejaa maji, na ikikauka inaungua upesi, moshi mwingi, kaa hakuna. Aliyekosa kabisa ataichoma, sibishi. Anayeweza kutembea nusu saa zaidi atatembea.

Vitabu vingi vya bustani huanza na uzuri wa ua au kivuli. Mimi ningemwambia anayetaka kupanda mti wa maua mahali palipo na njaa ya kuni aanze na swali hili: je, jirani atautamani usiku? Kama jibu ni hapana, mti una nafasi ya kukua.

Wanyankore wanauita ekiko. Kwa Waganda ni ejjirikiti, kwa Wanyarwanda umuko, kwa Warundi umurinzi, na baadhi ya vitabu vya Kiswahili vinauandika mwamba-ngoma. Jina lake la kisayansi, Erythrina abyssinica, lilichapishwa mwaka 1825. Mwethiopia atakuambia kwao kuna ndugu yake, korch, unaopandwa uzio nyanda za juu. Hapa nitatumia ekiko, kwa kuwa ardhi tunayoizungumzia ni ya Ankole.

Jani lake lina vijani vitatu, vipana na vigumu, vyenye manyoya upande wa chini. Kiangazi kikikolea yote hupukutika, na mgeni hudhani mti umekufa. Ndipo unapochanua. Vichwa vya maua husimama wima kwenye ncha za matawi makavu, vyekundu vya kuelekea rangi ya chungwa, na kila ua ni mrija uliopinda kidogo, umeshikwa na kikombe chenye ncha ndefu nyembamba zinazojikunja. Ukilichuma ua moja na kulikamua kwa vidole viwili, tone la maji matamu hutokea shinani. Ndege aina ya chozi wanalijua hilo tangu alfajiri. Nyuki hufuata jua likishapanda. Mfugaji wa nyuki mwenye ekiko mbili tatu karibu na mizinga yake ana chakula cha nyuki wakati ambapo nyasi zimekauka na kahawa haijachanua.

Uzuri huo una hesabu ndani yake. Jani ndilo mlango mkubwa wa mti kupotezea maji, kwa hiyo ekiko huufunga mlango wakati maji yamekwisha, kisha hutumia akiba iliyo kwenye shina na mizizi kutoa maua. Kwa kuwa miti mingine mingi imelala, ndege wote wa mtaa ni wake. Gome nene la kizibo hukinga shina na moto wa nyasi, ambao wafugaji wa nyika hizi wameuwasha tangu zamani ili majani mapya yachipue. Ni mti wa jamii ya kunde, na kama maharagwe, mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuifanya mbolea. Majani yanayoanguka yana rutuba, na yakiachwa palepale udongo hufaidika.

Mwaka 2016 Isingiro ilionja ukame ambao bado unasimuliwa. Wilaya inayopakia malori ya matoke kwenda mijini iliona migomba yake ikinyauka, na serikali ikalazimika kuleta chakula cha msaada kwa wakulima waliozoea kuuza chakula. Mgomba una mizizi ya juujuu na kiu isiyokwisha. Sisemi watu wang'oe migomba wapande ekiko, hiyo itakuwa kichekesho. Nasema uani, mahali ambapo hutaki kumwagilia milele, panda kitu ambacho nchi hii imekizoea.

Kabla ya jembe, kuna swali la ardhi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 na utaratibu wa makazi humpa mkimbizi kiwanja cha kuishi na kulima, lakini ardhi haiwi mali yake, hawezi kuiuza. Viwanja navyo vimekuwa vikipungua kadiri wageni wanavyoongezeka. Katika sehemu kubwa ya Maziwa Makuu kupanda mti wa kudumu ni kusema "hapa ni pangu", na ekiko hasa umetumika kwa miaka mingi kuonyesha mpaka. Fimbo uliyoichomeka kwa nia ya maua inaweza kusomwa na jirani kama hati. Nakivale ina migogoro ya ardhi ya kutosha kati ya wakimbizi na wenyeji, na kati ya wakimbizi wenyewe. Kwa hiyo panda ndani ya kiwanja, hatua kadhaa kutoka ukingoni. Kama ni lazima uwe mpakani, mwite jirani na mwenyekiti wa kijiji waone unapochimba. Ni dakika chache zinazookoa kesi ya miaka.

Jambo la pili la kuuliza ni la imani. Imani ya kubandwa ilienea tangu zamani Rwanda, Burundi, Nkore na Buhaya, na mti huu ulikuwa katikati yake. Wanyarwanda husimulia kwamba Ryangombe, mkuu wa imandwa, yaani pepo wa imani hiyo, alijeruhiwa na nyati mawindoni akafia penye umuko. Burundi nafasi hiyo inashikwa na Kiranga. Waliokuwa wakiingizwa katika imani hiyo walifanyiwa ibada kwenye mti huu. Wamisionari waliipiga vita, na uamsho wa walokole uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuingia Kigezi na Ankole ulimaliza kazi katika nyumba nyingi. Wapo wazee ambao mpaka leo hawataki umuko mlangoni. Wapo wengine wanaoutaka kwa sababu hiyohiyo, ila hawasemi. Mimi naona mti hauna dini, lakini mimi si ninayeishi ukuta kwa ukuta na mama mkwe wako.

Sasa kupanda. Kuna njia mbili, fimbo na mbegu, na watu hubishana ipi ni bora. Ubishi huo hauna maana mpaka mtu aseme anataka nini. Anayetaka uzio achukue fimbo. Anayetaka mti mmoja wa kusimama uani miaka thelathini afadhali aanze na mbegu, hata kama atachelewa.

Fimbo hukatwa mwezi wa Agosti, kiangazi kirefu kinapoelekea ukingoni na mti bado hauna majani. Chagua tawi lililonyooka, unene wa kifundo cha mkono hadi unene wa mkono wenyewe, urefu wa mita moja na nusu hadi mbili na nusu. Tawi jembamba la mwaka huu huoza upesi. Lile lililokomaa, lenye gome la kizibo, lina akiba ya kutosha kulisha machipukizi kabla mizizi haijatoka. Kata kwa panga kali, pigo moja ukiweza, maana pigo lililochanika ni mlango wa kuoza. Ncha ya juu ikatwe mshazari ili mvua itiririke. Weka alama upande wa chini, kwa sababu fimbo zikishalala rundo moja ni rahisi kusahau ipi ni miguu na ipi ni kichwa, na iliyopandwa kichwa chini haitakushukuru.

Baada ya hapo watu wengi hukosea kwa haraka. Karibu na Rubondo, sehemu mojawapo ya Nakivale, niliwahi kumsikia mama mmoja aliyetoka Rutshuru, Kongo, akimzuia mwanawe aliyekuwa tayari ameshika jembe.

"Mama, si niipande sasa hivi? Shimo liko tayari."

"Acha, mwanangu. Bado inalia. Isimamishe kivulini ilie imalize, ndipo uizike."

Kulia ndiko huko: utomvu unaotoka kwenye kidonda. Fimbo zisimamishwe kivulini siku kadhaa, hata wiki, mpaka kidonda kikauke na kufunga. Ikizikwa ikiwa mbichi kwenye udongo wenye unyevu, ukungu huingia kabla ya mizizi kutoka, na utaendelea kuona majani mawili matatu juu huku chini kumeshakuwa uji. Majani ya kwanza hayathibitishi kitu. Fimbo ya ekiko hutoa majani kwa akiba yake yenyewe hata ikiegemezwa ukutani.

Zika sentimita 30 hadi 40, shindilia udongo kwa mguu pande zote, usiache mfuko wa hewa. Usiipigilie kwa nyundo. Gome huchubuka na kukunjamana chini. Chimba shimo kwa mtalimbo kwanza. Usimwagilie sana. Mvua za Septemba zitafanya kazi hiyo, na kama hazijafika, fimbo itangoja. Mchwa wa Isingiro ni wengi na hawana huruma na kitu chochote kilichokufa nusu, kwa hiyo wenyeji humwaga majivu kuzunguka shina na kurudia mvua ikiyaosha. Kwa uzio, fimbo zikae mita moja hadi mbili kati yake, na katikati uweke miiba au nyasi ndefu mpaka zishike. Mbuzi wafungwe miezi ya mwanzo. Wakigusa machipukizi mara moja mti hujaribu tena, wakirudia rudia fimbo huishiwa akiba.

Udhaifu wa fimbo uko chini ya ardhi. Mizizi yake hutoka pembeni na kusambaa karibu na uso wa udongo. Haina ule mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja. Kwenye uzio hilo halidhuru, fimbo zinasaidiana na zinapunguzwa matawi mara kwa mara. Lakini fimbo moja iliyoachwa kukua na kutandaza kichwa kizito uani inaweza kung'olewa na upepo wa dhoruba ya Machi, na ukame mkali wa mwaka wa kwanza huisumbua kuliko mche wa mbegu uliokwisha kushuka.

Mbegu basi. Ganda la ekiko ni gumu, lenye manyoya, limebanwa kati ya punje na punje. Likikauka hupasuka na kuonyesha mbegu nyekundu zinazong'aa, kila moja na doa jeusijeusi pale ilipokuwa imeshikwa. Ngozi ya mbegu ni ngumu kiasi kwamba maji hayaingii. Ndiyo maana ukiitupa tu ardhini inaweza kukaa kimya msimu mzima. Ishike kwa koleo, isugue kwenye jiwe au tupa upande ulio mbali na doa, mpaka uone weupe kidogo tu, usizidishe. Kisha iloweke kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha. Asubuhi zilizovimba ziko tayari. Zilizobaki ndogo na ngumu hazijanywa, zisugue tena. Panda kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, yenye udongo wa juu uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza, kina cha sentimita moja na nusu hivi. Toboa kavera chini. Ndani ya wiki mbili tatu mche hutokeza.

Hapa ningependa kutetea kavera ndefu. Mzizi mkuu wa ekiko una haraka kuliko shina. Mche ulio na urefu wa kiganja juu ya udongo unaweza kuwa umeshafika chini ya kavera fupi na kuanza kujizungusha. Mzizi uliojizungusha haunyooki tena, na mti utakaoupata utakuwa na kasoro ileile ya fimbo bila faida ya fimbo. Kama huna kavera ndefu, panda mbegu palepale mti utakaposimama, mbegu tatu kwenye shimo moja, kisha uache mche wenye nguvu.

Isingiro na Mbarara zina misimu miwili ya mvua: Machi hadi Mei, na Septemba hadi mwanzo wa Desemba. Ushauri wa kawaida ni kupanda mche mvua yoyote ikianza. Mimi nachagua Septemba bila kusita. Mche wa Septemba hupata mvua, kisha kiangazi kifupi cha Januari na Februari ambacho ni mtihani mdogo, kisha mvua za Machi, na ndipo unakutana na ule ukavu wa Juni hadi Agosti ukiwa umeshakaa miezi tisa ardhini. Mche wa Aprili hutupwa kwenye kiangazi kirefu ukiwa bado mtoto.

Mwaka huo wa kwanza ndio pekee unaohitaji jerikani. Na maji ya Nakivale hayana mzaha. Foleni kwenye bomba ni sehemu ya siku. Maji ya kuoshea vyakula yanatosha, au ya kusuuzia vyombo yasiyo na sabuni nyingi, lita mbili tatu mara moja kwa wiki, yamwagwe taratibu kwenye beseni la udongo ulilolizungushia shina. Afadhali maji mengi kwa nadra kuliko kikombe kila jioni: kikombe cha kila jioni hufundisha mizizi kukaa juu. Tandaza nyasi kavu, lakini zisiguse shina, mchwa watapanda. Mwaka wa pili acha kabisa. Mti unaopukutisha majani kiangazi hauna kiu, umelala, na kuumwagilia wakati huo ni kuuamsha bure na kupoteza maua.

Mahali pa kuusimamisha pana umuhimu kuliko mbolea. Ekiko ni mti mdogo kwa viwango vya msitu, mita 6 hadi 12 kwenye ardhi nzuri, mara nyingi chini ya hapo kwenye mgongo wa kilima wenye mawe, lakini kichwa chake hutanda. Unataka jua kamili. Kivulini hurefuka, huinama na kukunyima maua. Upe angalau mita tano kutoka ukutani, na zaidi kutoka nyumba iliyoezekwa kwa turubai, kwa sababu matawi ni mepesi na hukatika, na yana miiba. Ukae mbali na shimo la choo na mabomba. Chini yake unaweza kupanda maharagwe msimu wa mvua za mwanzo, kivuli kikiwa bado chepesi. Usipande bondeni kunakotuama maji kuelekea Ziwa Nakivale. Mti huu huvumilia mengi, ila miguu iliyoloa siku zote hauivumilii.

Kuna kiwavi mmoja, mtoto wa nondo, anayetoboa ncha laini za machipukizi na kula ndani. Utaona ncha imelegea na kugeuka nyeusi, na ukiipasua utamkuta. Kata sentimita chache chini ya tundu, choma kipande hicho. Hakuna sababu ya kununua dawa. Mti hutoa machipukizi mawili pale palipokuwa na moja, na umbo lake linazidi kuwa zuri.

Wadudu wa jamii hii ya miti wana habari kubwa kuliko hiyo. Nyigu mdogo sana, Quadrastichus erythrinae, anayetoka upande wetu wa Afrika, alivuka bahari na mwaka 2005 akagunduliwa Hawaii. Huko kuna mti wao wa asili wa nchi kavu, wiliwili, ndugu wa ekiko. Nyigu hutaga mayai kwenye majani na machipukizi, na pale anapotaga mti huvimba vinundu mpaka majani yanakunjamana na kufa. Wiliwili ilianza kuteketea kisiwa baada ya kisiwa. Watafiti walikuja Afrika Mashariki kuuliza kwa nini huku miti haifi, na Tanzania wakampata nyigu mwingine, aliyepewa jina Eurytoma erythrinae, ambaye watoto wake hula watoto wa yule wa kwanza. Aliachiliwa Hawaii mwaka 2008, na wiliwili ikapata ahueni. Ukiona vinundu kwenye majani ya ekiko yako Juru au Kabazana, hapa Nakivale, tulia: kuna uwezekano mkubwa adui wao yuko kazini tayari, na dawa ya kupulizia itamuua yeye kwanza.

Mbarara, kama kilomita 60 kutoka Nakivale, hadithi inageuka. Mji huo ulipandishwa kuwa jiji Julai 2020, na nyumba mpya zinapanda kwenye vilima vyote. Hapa watu wana hati za ardhi na gesi ya kupikia, hakuna wa kukata mti wao. Na wanapanda nini? Mjakaranda wa Amerika Kusini, mkrismasi wa Madagaska, mgrivilea wa Australia, minazi ya mapambo isiyozaa nazi, halafu wanatandika matofali ya saruji uani kote na kuacha tundu la duara kwa kila mti. Sina chuki na mjakaranda. Novemba ikiingia hata mimi husimama kuutazama. Lakini majani ya kijani ya bustani hizo yananyweshwa kwa maji ya bomba, na maji ya jiji kwa miaka mingi yametoka mto Rwizi, ambao kila kiangazi kikali unashuka na kuwatia watu wasiwasi. Ukienda kwa wauza miche wa kando ya barabara na kuulizia ekiko, utaulizwa unaumwa nini. Wanaujua kama dawa: gome lake hutumika sana katika tiba za asili, ndiyo maana miti ya kando ya njia mara nyingi ina makovu. Kuuza mche wake kwa ajili ya maua hawajawahi kufikiria.

Kwingineko, Los Angeles, Marekani, mwaka 1966 ilimchagua ndugu yake kutoka Afrika Kusini, Erythrina caffra, kuwa mti rasmi wa jiji. Argentina mwaka 1942 ilikwisha kulifanya ua la ndugu mwingine, Erythrina crista-galli, kuwa ua la taifa. Mwenye kiwanja Kakoba au Ruharo, hapo Mbarara, hahitaji kuagiza kitu ng'ambo. Fimbo iko kwa mjomba wake kijijini, bure.

Mwenye watoto wadogo asome hapa kwa makini. Mbegu za ekiko zina sumu inayolegeza misuli, ya namna ileile ya sumu ya mishale ya Amerika Kusini. Mbegu nzima ikimezwa mara nyingi hupita kama ilivyo, kwa sababu ya ile ngozi ngumu isiyopitisha maji. Hatari ni mbegu iliyotafunwa, iliyopondwa au iliyotobolewa. Na kutobolewa ndiko kunakofanywa sana, maana mbegu hizi nyekundu hutungwa shanga na bangili, zinauzwa hata kwa watalii. Mtoto anayeota meno, akivaa mkufu wa mbegu zilizotobolewa, ataupeleka mdomoni. Msimu wa maganda kupasuka, fagia chini ya mti. Wakubwa wanaozitumia kuchezea omweso, yaani bao, wazihesabu zikirudi mfukoni. Akitafuna mtoto, usingoje dalili, mkimbize kituo cha afya na uende na mbegu mkononi ili mganga aione.

Kuhusu kupunguza matawi: maua hutoka kwenye ncha za matawi yaliyokomaa, kwa hiyo anayekata mwezi wa Juni ili "kusafisha uwanja" amekata maua yote ya kiangazi kile. Ngoja maua yaanguke, kata Agosti kabla majani hayajarudi, na usiondoe zaidi ya theluthi moja ya kichwa. Matawi unayoyakata wakati huo ndiyo fimbo zenyewe. Yasimamishe kivulini, majirani watakuja kuyaomba. Nakivale kuna familia zinazopata safari ya kuhamia nchi za mbali na kuondoka kwa taarifa fupi, na kiwanja hupewa mwingine. Anayeingia akute maagizo mawili: asikate mti Juni, na watoto wasichezee mbegu.